Mahali Lilipotoka Jino

Mshai mwanangu,

Umeenda Mraru kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi upesi, maana kwa shangazi hakuna mgeni anayeachiliwa kabla hajala mara mbili. Afadhali. Nimepata meza, kalamu na nyumba iliyotulia, na nina furaha ambayo nisipoiweka kwenye karatasi nitapasuka. Nimenawa kwa sabuni na brashi lakini wekundu wa udongo umekataa kutoka kwenye kucha. Ukiona alama ya kidole pembeni mwa ukurasa huu, usiulize kwanza yule mama aliyesema anaenda kikao cha akina mama kanisani udongo ameupata wapi. Tutafika huko.

Kesho unapanda treni kwenda Nairobi, halafu basi mpaka Lodwar, halafu gari la kambi mpaka kando ya Ziwa Turkana, ukajifunze kutafuta mifupa ya watu wa kale. Sitakuandikia mambo ya neti, maji ya kunywa na kofia. Shangazi atakuwa ameanza hayo ukiwa bado mlangoni. Mimi nataka tulimalize lile swali lako la mezani. Uliniuliza, "Mama, hili jino ulilitoa wapi?" na mpaka leo hujapata jibu. Tangu siku hiyo umekuwa ukiniongelesha kwa adabu, na adabu ya namna hiyo inaniuma kuliko kama ungenifokea. Sitaki upande treni ukiwa na adabu yako hiyo na swali lako bado liko mkononi.

Kazi yangu unaijua, lakini acha niisimulie tena, kwa sababu mwaka huu mimi mwenyewe nimeiona upya. Tangu ukiwa mgongoni nimechimba jiwe la kijani katika vilima vya upande wa Kasigau. Jicho langu limejifunza rangi moja. Chochote kisichokuwa kijani nilikiita kifusi, nikakipiga teke, kikateremka mlima. Wewe ulikaa chini huko kwenye kifusi, unachagua. Ulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye makombe ya konokono, jino la fisi, na mawe yenye mistari ambayo hakuna mtu angeyanunua. Nilikuambia utupe takataka hizo. Ukalificha kopo chini ya kitanda, nami nililiona kila nilipofagia, lakini nilikuwa nimechoka mno hata kugombana na kopo. Leo naushukuru uchovu ule.

Kuna tabia nyingine ya mgodini ambayo nimeivaa mpaka imekuwa ngozi. Mchimbaji hasemi mahali. Ukipata kijani kidogo, unafunika mdomo wa shimo kwa miiba, unafagia nyayo zako kwa tawi, unarudi nyumbani kwa njia ambayo hukujia. Broka anayenunua mawe akikuuliza jiwe limetoka wapi, unataja kwingine bila kupepesa macho. Limetoka Kasigau, unasema Mwatate. Limetoka Mwatate, unasema Kuranze. Yeye naye anajua unadanganya, na hachukii, kwa sababu anachonunua ni rangi. Mahali hapamhusu. Hata Mwakio, ambaye nimeshika naye sururu miaka hii yote na ambaye ningemwachia roho yangu aishike, sijawahi kumwambia njia zangu zote. Wala yeye zake hajaniambia. Tunapendana hivyo hivyo.

Sasa fikiria mtu wa aina hiyo anatembea peke yake jioni akitoka shimoni, anakata njia kupitia korongo kavu, na kwenye ukuta wa korongo anaona kitu cha kahawia kinachong'aa katikati ya mawe meupe. Nilisimama. Nilijua ni jino. Lilikuwa refu na zito, limegeuka jiwe kabisa, na juu yake lilikuwa na vijiduara vilivyobanana kama vifungo kwenye kasha la mshonaji. Nilikuwaza wewe papo hapo. Ulikuwa umepata barua ya kwenda Turkana wiki hiyo hiyo, na mimi sikuwa na zawadi. Nikasema, kumbe na mimi nimempata mtu wa kale! Nimempata kwetu hapa, na mwanangu ataenda kambini akiwa naye mkononi.

Kilichofuata unakijua nusu, na nusu nyingine nakupa leo. Nilitoa tindo na nyundo nikalichomoa. Nikakaa pale pale nikalichonga jiwe lililolizunguka, kama ninavyochonga kijani ili broka aione rangi safi. Kipande cha jino kikaruka na nyundo. Nikajiambia hakuna neno, limebaki kubwa. Nikafunika mahali kwa miiba. Nikafagia nyayo. Nikarudi kwa njia nyingine. Nyumbani nikaliosha kwa sabuni ya unga, nikalisugua kwa brashi ya viatu, na mwisho, kama tunavyofanya siku ya kumpokea mnunuzi, nikalipaka mafuta ya kupikia ili liwake.

Nikaliweka kwenye sahani, nikafunika kwa kitambaa cha mezani kile cha Krismasi. Ulipofunua ulishtuka, nikadhani ni furaha. Ulilipeleka dirishani, ukaligeuza, ukalinusa.

"Mama, sasa hii umeipaka nini?"

"Si mafuta tu. Ya kupikia. Imependeza?"

Ulikaa chini polepole. "Ni jino la jamii ya ngiri," ulisema. "Sio mtu. Lakini ni ya zamani, na ni nzuri sana. Mama, ulilitoa wapi?"

Nami, mbele ya mtoto niliyemzaa, mdomo ukajibu kabla mimi sijafika: "Huko Maungu."

Naapa sikulipanga. Ni mazoea, na mazoea yana taabu. Miaka yote hiyo swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, jibu la uongo, na lilitoka lenyewe. Kesho yake ulibeba chupa ya maji ukaenda Maungu, ukatembea jua zima kwenye mashamba makavu na nyuma ya maegesho ya malori, ukarudi umebabuka pua, mikono mitupu. Ulipovua viatu nikaona malengelenge. Hapo ndipo nilipokuambia kweli, kwamba ni upande wa Kasigau. Uliniuliza tu kama nitakuonyesha, nikasema ndiyo, twende hata kesho.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa ndefu, tena imepotea. Nilikupeleka kwenye korongo, ukatazama, nikasema hapana, ni lile jingine. Tukaenda jingine. Mvua ilikuwa imenyesha, ndovu walikuwa wamepita na kuzagaza miiba yangu yote, na nyayo nilikuwa nimezifagia kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimepaficha mahali pale vizuri kiasi kwamba hata mimi sikupaona. Ulinishika mkono ukasema, "Haidhuru, Mama." Nilikuona unapangusa macho ukijifanya ni vumbi.

Usiku ule wa chapati nadhani uliona nimekasirika. Sikukasirika, nilikuwa najaribu kuelewa kwa nini mtu alilie shimo na kitu chenyewe anacho. Kwetu sisi ukiwa na jiwe mkononi shimo limekwisha kazi. Ukachukua chapati ukazipanga moja juu ya nyingine, kati yake ukanyunyiza unga, ukachomeka dengu chini ya chapati ya chini na dengu nyingine juu. Ukasema umri wa mfupa wa zamani sana kwa kawaida hausomwi kwenye mfupa wenyewe. Unasomwa kwenye udongo uliolala nao. Volkano ililipuka zamani, majivu yakatua, na majivu yanaweza kupimwa miaka yake. Aliyelala chini ya majivu ni mkubwa wake, aliyelala juu ni mdogo wake. Halafu ukaitoa dengu moja, ukaiweka kwenye kiganja changu.

"Haya. Niambie hii ilikuwa chapati gani."

Niliigeuza kwa kidole. Dengu ilikuwa dengu tu. Na nitakuambia ukweli, nilihisi raha. Nilikuwa nimepata kitu kipya cha kujua katika umri huu, kuhusu udongo, mimi niliyedhani udongo nimeumaliza.

Nikakuuliza basi jino la ngiri lina maana gani kwa mtu anayetafuta watu. Ukainuka ukaanza kutembea chumbani, na mikono yako ikawa inaruka kama ya marehemu baba yako akisimulia mpira. Ukasema nguruwe wa kale walibadilika upesi, meno yao yakirefuka na kupanda juu kadiri enzi zilivyopita, kwa hiyo mtaalamu akikuta jino la nguruwe anaweza kukadiria tabaka lile ni la wakati gani. Na kama kuna mtu wa kale amelala tabaka hilo hilo, nguruwe anamtajia umri. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Kumbe nguruwe ndiye kalenda ya babu zetu!

Halafu ukanisimamisha ukaniwekea kidole kisogoni, chini kabisa, pale shingo inapoingia. Ukasema kwenye fuvu kuna tundu ambalo uti wa mgongo unapitia. Kwa sokwe liko nyuma zaidi. Kwetu liko chini, katikati, kwa sababu tunabeba kichwa juu ya mwili wima kama mama anavyobeba ndoo. Kwa hiyo hata ukipata kipande tu cha fuvu, pasipo mguu wala goti, unaweza kusema, huyu alitembea wima. Ukanisimulia nyayo zilizobaki kwenye majivu ya volkano huko Tanzania, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kabla vichwa vyao havijawa vikubwa kama vyetu. Walitembea kwanza, akili ikaja nyuma. Nikasema hilo naliamini bila ushahidi, nimekaa na wanaume mgodini.

Jumapili iliyofuata sikusikia mahubiri. Nilikuwa nimekaa nyuma nikitazama visogo vya kanisa zima, kimoja kimoja, nikifikiria matundu. Mama mmoja akaniuliza baadaye kama ni kweli binti yangu anaenda kumtafuta Adamu. Nikamwambia anaenda kuangalia Mungu alitumia muda gani, kwa maana mimi hajawahi kuniambia.

Sasa nataka nikupe kitu ambacho sijawahi kukusimulia. Tundu lile la kisogoni nililijua kabla yako. Unajua kwamba zamani sisi Wadawida hatukumwacha mzee kaburini moja kwa moja. Muda ukipita, fuvu lake lilitolewa likapelekwa pangoni, likawekwa kwenye ukingo wa mwamba pamoja na wa ukoo wake. Pango la kwetu lilikuwa juu ya shamba la nyanya yako. Watoto hatukuruhusiwa kukaribia, kwa hivyo bila shaka nilikaribia. Nililala kifudifudi kwenye majani nikawatazama, wamepangwa safu, wengine wamelala upande, na matundu yao ya kisogoni yakinitazama. Sikuogopa. Nilifikiri wanangojea kuitwa.

Mwaka mmoja mwamba uliporomoka kwa mvua, na baadhi yao wakabiringika chini. Hakuna aliyevunjika vibaya, lakini wazee walihuzunika kama kwamba msiba ni mpya. Walikaa kutwa nzima pale wakibishana nani alikuwa anakaa karibu na nani. Walikuwa wanamjua kila mmoja kwa mahali pake: wa kwanza kutoka kushoto ni fulani, anayemfuata ni mwanawe. Nyanya yako alirudi nyumbani akaweka sufuria motoni akasema, "Ukimhamisha mzee, umemfanya mgeni." Nililisikia neno hilo nikiwa msichana. Nikakua, nikashika sururu, nikalisahau. Nilikuja kulikumbuka ile dengu ikiwa kiganjani mwangu.

Unaona basi kwamba kazi unayoiendea si ya ugeni. Ni kazi ya pangoni. Tofauti yako na wazee wale ni kwamba wao walimjua kila mtu jina, nanyi mnaanza na fuvu lisilo na jina, mnaulizia kila kokoto lililo karibu nalo. Uliponisimulia yule kijana aliyepatikana kando ya ziwa hilo unaloliendea, karibu mwili mzima, aliyekufa miaka zaidi ya milioni moja iliyopita akiwa bado hajamaliza kukua, swali langu la kwanza lilikuwa mama yake. Ulicheka. Lakini ukasema hata wewe ulikuwa umemwaza.

Kuna siku nyingi za bure zinazokungoja. Hilo nalijua kuliko walimu wako. Utatembea kutwa, macho chini, na kila kitu kitakuwa jiwe. Nimechimba misimu mizima bila kuona hata kivuli cha kijani, na kosa langu halikuwa kurudi mikono mitupu. Kosa langu lilikuwa kurudi mikono mitupu na kununa, nikakaa mezani kama mtu aliyeibiwa, na wewe na daftari lako la shule mkaenda kukaa jikoni. Siku zile zilikuwa siku pia. Ulikuwa unajifunza kuandika jina lako na mimi nilikuwa nawaza shimo. Ukirudi kambini bila kitu, kula na wenzako, cheka, waulize habari za kwao.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado umevaa viatu. Mimi ningesema "nimedanganya" kabla hujatoka kwenda Maungu, miguu yako isingekuwa na malengelenge.

Haya, udongo wa kwenye kucha.

Leo asubuhi sikwenda kanisani. Nilimpigia Mwakio nikamwambia alete pikipiki mapema. Njiani nilimweleza yote, pamoja na kwamba hata yeye nilimdanganya njia yangu ya kurudia. Alicheka mpaka akasimamisha pikipiki. Akasema, "Mama Mshai, na mimi ile siku nilikuambia nimetoka Mwatate, nilikuwa nyuma ya kilima chako tu." Tukacheka wote wawili katikati ya barabara.

Tulifika jua likiwa bado chini. Safari zile nyingine nilikuwa nakupeleka saa sita, natafuta miiba, natafuta nyayo, yaani natafuta vitu nilivyoharibu mwenyewe. Leo nilifanya kama ulivyonifundisha mezani: jua la upande, mwendo wa pole, usichimbe, macho yaache yaokote. Nilipita korongo moja, nikapita la pili. Katika la tatu kitu kilimetameta chini. Vipande vidogo vyeupe, vyenye ncha kali, vimetawanyika mahali pamoja. Jiwe la korongo halivunjiki hivyo lenyewe. Zilikuwa chembe za nyundo yangu, Mshai. Nilikuwa nimefagia kila kitu isipokuwa uharibifu wangu, na huo ndio ulionipokea. Nilipiga magoti, na kati ya zile chembe nikakiokota kile kipande cha jino kilichoruka.

Nikainua macho kwenye ukuta. Tundu langu la tindo liko pale, bichi. Na kando yake, chini kidogo, mvua imekula udongo na imefunua kitu kingine. Ni cha kahawia, kimepinda, laini. Sehemu kubwa bado iko ndani. Sijui ni nini. Huenda ni taya ya ngiri yule yule. Huenda si cha kale kama tunavyotaka. Mkono wangu ulikwenda kwenye tindo wenyewe, kama ulivyokwenda mdomo siku ile, na Mwakio aliniona.

"Si ukitoe tu?" akasema. "Mvua ikija?"

Nikarudisha tindo mfukoni. Sijawahi maishani mwangu kuona kitu kizuri ardhini nikakiacha. Nilipiga picha, na kalamu kando yake kama unavyofanya wewe ili ukubwa ujulikane. Nikatandaza matawi juu yake kuzuia mvua, sio kuzuia watu. Kile kipande cha jino nimekifunga kwenye kitambaa, kiko ndani ya bahasha hii. Sijakiosha. Sijakipaka mafuta.

Mpe mkubwa wako wa kambini habari hii, naye awaambie watu wa makumbusho, nao waje kwa njia zao. Nitawapikia. Lakini kwanza mahali ni pako, na nimeshika kalamu kufanya jambo ambalo hakuna mchimbaji wa kwetu amewahi kulifanya akiwa na akili timamu.

Toka Maungu ukishika barabara ya Kasigau. Ndiyo, inaanzia Maungu, usinicheke. Endelea, mlima ukiwa mbele yako, mpaka upite birika la maji lililopasuka. Hapo acha barabara, shika njia ya ng'ombe mkono wa kulia. Utavuka makorongo mawili ya mchanga mwekundu. La tatu lina ukuta mweupe. Lipande kuelekea juu mpaka kwenye mgunga uliolala kwa kusukumwa na ndovu. Ukuta wa kulia, usawa wa goti langu, sio lako, wewe ni mrefu. Nimepanga mawe chini yake, na juu nimeweka jiwe la kijani, dogo, lenye ufa, ili ujue ni mimi.

Uliniuliza, "Mama, ulilitoa wapi?"

Hapo.

Mama yako